Nyama ya Marehemu Abilahi

Abilahi alipofariki, wateja wake wa miaka ishirini walianza kunong'ona kwamba bucha lake lilikuwa likiwalisha punda. Mjane wake, Bi Somoe, hakubishana na mtu. Alitaka tu arobaini isomwe Ijumaa jina la mumewe likiwa safi. Akatoa pande la mwisho lililobaki kwenye friza, la mnyama aliyechinjwa wiki ile ile ya kifo, akawapelekea watafiti waliokuja Kilwa na mradi wa kupima nyama na maji ya mjini.

Daktari Bertha, mmoja wa watafiti hao, alipima, akasoma majibu mbele ya semina yao nzima.

"Ni ng'ombe, mama. Ila imedungwa maji ili izidi uzito. Robo nzima ya uzito ni maji ya kuongezwa."

Ukumbi ukaguna. Bi Somoe akamgeukia Deo, mtaalamu wa maji, ambaye asubuhi yote alikuwa akionyesha mishale ya buluu ukutani kuthibitisha kwamba mabomba ya mji hutoa maji kila siku.

"Mwanangu, wiki aliyokufa Abilahi, bomba lilitoa nini?"

Deo akaitazama mishale yake, kisha chupa za maji ya dukani zilizopangwa mezani.

"Upepo, mama."

"Mwili wake tuliuosha kwa madumu mawili ya kuazima. Basi hayo ya kudunga nyama angeyatoa wapi?"

Daktari Bertha akafuta mstari mmoja kwenye ripoti yake, ule wa maji ya kudunga. Deo ilibidi afute ripoti nzima.