Kofia ya Mwanamkisi

Siku hizi nikipita mtaani kwetu Langoni, hapa Lamu, watu huniamkia kwa heshima, "Bi Fahima, msanii wetu," nami huitikia huku natamani ardhi ipasuke inimeze. Nitaeleza kwa nini. Sitajitetea, maana nimejitetea mwezi mzima moyoni na wala hakuna aliyenituhumu.

Kazi yangu ni kuchora kofia. Asiyejua hudhani kofia ya vito, ile nyeupe yenye maua ya matundu madogo, hutoka kwa mtu mmoja, kama andazi. Sivyo. Mimi nakata kitambaa, nachora maua kwa penseli, natia alama kila panapotakiwa tundu, basi. Kitambaa nampa Khatib mwenye boti, anakivusha mpaka kisiwa cha Pate, kinaingia mikononi mwa mwanamke nisiyemwona. Huyo hukaa nacho miezi mitatu, minne, akitoboa na kuzungushia uzi tundu moja baada ya jingine mpaka macho yamwashe. Kikirudi nampa mwingine akiunge, kisha nakifua na kukipiga pasi. Ndivyo walivyofanya mama zetu, na hakuna aliyeuliza kofia ni kazi ya nani.

Balaa lilianza nilipoingia Tunza. Ni mtandao kama mitandao mingine, ila huu unalipa. Unaweka picha na maneno, watu wanakupa moyo, mioyo inageuka pointi. Lakini mioyo haina uzito mmoja. Mwenye pointi nyingi moyo wake ni mzito. Bi Raihana wa Shela, anayepiga picha za milango, moyo wake mmoja unashinda mioyo ya wageni mia nne. Kuna na moyo mweusi. Mkubwa akikupa huo, picha yako inafunikwa kijivu na jina lako linashuka chini, na kupanda tena ni kazi.

Kwa hiyo watu hujipanga. Sisi tulikuwa wanne: Raihana, Taufiq mwenye video za punda, mwalimu Emily aliyehamishiwa hapa kutoka Kisii na mashairi yake ya mvua, na mimi na kofia zangu. Kundi letu la WhatsApp tuliliita Safu ya Kwanza. Kila asubuhi baada ya chai mmoja anatuma kiungo, watatu wanabonyeza. Kusoma si sharti. Mashairi ya Emily nimeyapa moyo miaka miwili na sijamaliza hata moja. Ni kama mambo ya harusi tu: nije kwako, uje kwangu, na asiyekuja atasusiwa.

Mwanzoni niliandika "Kofia ya Lamu" na mioyo ikaja kidogo kidogo. Raihana akanishauri. "Watu hawapendi kofia, mwanangu, wapenda mkono. Sema ni wewe." Nikaandika: Kila tundu nimelitoboa mwenyewe. Mioyo ikamiminika. Mara ya kwanza niliona haya. Mara ya tatu nilijipiga picha nimeshika sindano, na sindano yenyewe nimeazima kwa jirani.

Baada ya Idi mwanamke mmoja akaingia Tunza, Mwanamkisi wa Chundwa, kule kule Pate. Aliweka picha moja: mapaja yenye leso, juu yake kitambaa cha kofia kilichoshonwa nusu. Aliandika, "Hini ni kazi yangu ya miezi miwili. Alhamdulillahi, nimefika nusu." Watu wadogo wadogo wakampenda kweli, si kwa kupangana. Wakamuuliza uzi gani, sindano gani, naye akamjibu kila mmoja.

Raihana akaleta picha ile kwenye kundi. "Fahima, huyu kaiba mchoro wako. Si ndiyo kofia uliyotuonyesha juzi?"

Ulikuwa mchoro wangu. Hupenda kuchora kofia mbili mbili za mchoro mmoja, Khatib humpa mshonaji mmoja zote mbili, na pembeni mwa kitambaa kile niliona namba ya penseli ninayotia kila kitambaa, bado haijafutika. Ile ya kwanza, ambayo nilisema nimetoboa kila tundu, bila shaka aliishona mwanamke huyu huyu. Nilijua hayo yote kabla sijaiweka simu chini.

Emily peke yake ndiye aliyeuliza. "Uko sure, Fahima? Mbona kitambaa anacho mkononi?"

Ningeweza kuandika neno moja tu: mshonaji wangu. Lakini nikishasema nina mshonaji, ile sindano ya jirani naiweka wapi? Nikaandika, "Kazi yangu naijua."

Raihana akatoa moyo mweusi, akafuata Taufiq, akafuata Emily. Wa nne ulikuwa wangu, mtu asiseme nililazimishwa. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa kijivu, imeandikwa juu yake kwamba ni kazi ya wizi. Wale wale waliouliza uzi gani wakaanza kumtukana ili Raihana awaone. Mtu akapiga picha ya ukurasa ule akaituma Pate, na Pate habari haihitaji boti.

Miezi miwili baadaye nilibishiwa hodi asubuhi. Alikuwa mwanamke mwembamba, umri wangu au chini kidogo, ana mfuko mkononi. "Mimi ni Mwanamkisi," akasema, "wa Chundwa." Nilimkaribisha ndani huku nikingoja matusi. Wallahi niliyataka. Angenitukana ningepata pa kuanzia.

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Bi Fahima, nimekuya kukutaka radhi. Sikuyua kuwa kofia ya mtu haionyeshwi mtandaoni. Naliona ni kazi ya mikono yangu, nikafurahi, nikaitia. Ni ujinga wangu."

Akatoa kofia yangu kwenye mfuko, ameifunga kwenye kitambaa safi. Alikuwa ameimaliza. Kwa aibu yote aliyotiwa, alikaa akaimaliza, na matundu yake yalikuwa sawasawa kuliko nilivyochora. Kidole chake cha shahada kilikuwa kigumu, kimejaa vidoa vyeusi vya sindano.

"Wachoraji watatu wameata kuniletea zitambaa," akasema. "Hunena mimi ni mwivi, kitambaa cha mtu hakitakaa salama kwangu. Na mimi sina kazi nyingine niiyuayo. Nataka neno lako tu, Bi Fahima. Ukiandika kuwa mimi si mwivi, watu watakuamini wewe."

Nikamwambia angoje nimletee kinywaji. Jikoni nikampigia Raihana, nikanong'ona yote, mpaka ile sindano.

"Ukisema si mwizi, watataka kujua muongo ni nani," akasema. "Sisi watatu tulimpa mweusi kwa neno lako. Watatugeukia sote, na mimi sitaanguka nawe, nakwambia mapema." Halafu sauti ikalainika. "Msamehe. Andika umemsamehe. Kusamehe ni thawabu, na hakuna anayeanguka."

Nikachukua bilauri ya ukwaju nikarudi sebuleni.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

Alinishika mkono akaubusu. Mimi, mwizi, nikabusiwa mkono na niliyemwibia, na sikuuvuta. Akasema Mungu atanilipa, nami nikaogopa kwamba kweli atanilipa.

Nikaandika mbele yake: Nimemsamehe dada yangu wa Chundwa, alikosa kwa kutojua, tusimseme tena. Nilijua kabisa ninachoandika. Aliyesamehewa ni aliyekosa, na Pate nzima itasoma hivyo. Nikabonyeza. Safu ya Kwanza walikuwa tayari wanangoja. Mioyo ikaanza kuanguka, mizito, halafu ya watu nisiowajua, wakiniita mwenye moyo wa dhahabu. Sijawahi kupata mioyo mingi kama siku ile.

Mwanamkisi alitoa simu yake, kioo kimepasuka, akasoma. Midomo ilikuwa ikimcheza. Akasoma mara ya pili.

"Hapano hukunena kuwa mimi si mwivi," akasema taratibu.

"Watafahamu," nikamjibu.

Aliinua macho. Hakunitazama usoni, alitazama vidole vyangu. Vidole vyangu ni laini, havina alama hata moja, na mwanamke aliyeshona kofia tangu utotoni hahitaji kuambiwa maana yake. Alivitazama kwa muda, mimi nikaingiza mkono ndani ya leso. Nilimwona anafahamu. Nilingoja aseme, na kama angesema nadhani ningelia na kukiri yote.

Alikunywa ukwaju wake wote, akashukuru. Kisha akaishika tena ile simu na, mbele yangu, akanipa moyo kwa adabu tu, kama mgeni anavyomaliza chai asiyoipenda kwa kuwa yumo nyumbani kwa mtu. Niliuona ukiingia kwangu. Kwa jinsi tulivyomshusha, uzito wake ulikuwa sifuri.