Ukuta wa Kufutia Brashi

Kwa miezi saba Mpiga Picha alikuwa akiuvizia ukuta wa karakana ya shemeji yake. Shemeji alikuwa fundi rangi wa mageti, na kila alipomaliza kazi aliifuta brashi ukutani, pa! pa!, bila hata kutazama. Miaka kumi ya kufuta: bluu juu ya kijani, kijani juu ya rangi ya kutu, na katikati mchirizi mmoja mwekundu ulioshuka hadi sakafuni.

Ukumbi wa maonyesho ulimpa nafasi ya picha moja tu. Ya kamera ya kweli, si ya simu, na ifike kabla ya saa sita mchana, siku ya mwisho ya kupokea picha. Kamera aliiazima kwa mpiga picha za harusi, aliyemkabidhi kwa masharti kama anayeoza binti.

Shemeji hakuambiwa neno. Akijua tu, ataanza kufuta kwa madaha na kila kitu kitaharibika. Lakini jana ya siku hiyo ulimi ulimponyoka Mpiga Picha mbele ya dada yake: "Kesho naupiga picha ukuta wa mumeo. Watu watautazama mpaka wachoke!"

Saa nne asubuhi alifika. Ukuta ulikuwa mweupe pe, rangi bado mbichi.

"Karibu, shemeji!" Fundi alikuwa na ndoo mkononi, jasho likimtiririka. "Mke wangu kaniambia. Nimeamka alfajiri, nimepaka mara mbili. Watu waje waone uchafu wangu? Hata!"

"Huo uchafu ndio nilioutaka!"

Fundi akacheka, akidhani ni utani wa kishemeji. Alipouona uso wa mwenzake, kicheko kikakatika. "Sasa mbona hukusema? Miezi yote unakuja hapa, unasema umekuja kunijulia hali!"

Mpiga Picha aliugeukia ukuta. Alinyakua msasa akasugua. Weupe ukajiviringa kama mabaki ya kifutio, na rangi za chini zikabanduka nao.

"Ngoja, nitakurudishia." Fundi alichovya brashi kwenye rangi nyekundu. "Ule mchirizi ulikuwa hapa, sivyo?" Akashusha mstari ulionyooka kama nondo ya geti.

"Usichore! Futa!"

"Si ndiyo nafuta?"

"Unachora! Fumba macho!"

Fundi akafumba, lakini jicho moja likachungulia. Mstari wa pili ukatoka mzuri kuliko wa kwanza. Mpiga Picha alitamani kulia.

Saa sita ilipita wakiwa bado wanabishana. Mpiga Picha aliirudisha kamera mkobani bila kupiga hata picha moja. Brashi ya fundi ilikuwa ikidondosha rangi. Aliinua mkono kuelekea ukutani, akasita, akaokota tambara.

"Futia ukutani, shemeji!" Mpiga Picha alifoka. "Kama zamani!"

"Siwezi," fundi alisema taratibu, akiipangusa brashi unyoya kwa unyoya. "Nitakuwa nakufikiria wewe."