Taa Iliyomzeesha Mama Mkwe

Mume wangu ni mpiga picha, mtaa mzima unamwita Bwana Picha. Ana studio ya picha za vitambulisho mbele ya nyumba yetu: chumba kimoja, ukuta mweupe, kigoda, na feni inayopuliza upande mmoja tu. Kwa kazi yake simdharau, ni fundi kweli. Ila mtu kama huyo usimpe taa ya baiskeli aikague. Atakutoa roho.

Mimi ni mwokaji mikate. Naenda kazini kwa baiskeli alfajiri, giza likiwa bado totoro. Mwezi uliopita nilipanda jiwe ambalo sikuliona, nikaanguka kifudifudi, nikarudi nyumbani uso umechubuka kama karoti iliyoparuzwa. Nilicheka. Bwana Picha hakucheka. Aliichukua baiskeli akaifungia studio, akasema haitoki humo mpaka ipatikane taa ya maana.

Nikawa naenda kwa miguu, nafika kazini kumeshakucha, natupwa kwenye kufunga mikate karatasi. Halafu mkuu wangu akaniita akasema tanuri kubwa ni langu kuanzia Jumatatu, lakini nisipofika alfajiri kuliwasha, anampa mwingine. Jamani, tanuri lile nimelitamani miaka. Nilikuwa naliota, naamka nimenyoosha mikono kama nimeshika koleo la mikate.

Basi nikaenda duka la baiskeli, nikamwambia muuzaji anipe taa za LED za bei poa, zote alizonazo, nisizozitaka nitamrudishia. Akanipa tatu. Jumapili mchana Bwana Picha akafunga mapazia ya studio, akamkalisha mama yake kwenye kigoda mbele ya ukuta mweupe.

"Mama, kidevu juu kidogo."

"Kwani mimi ndiye mwendesha baiskeli?" mama mkwe akauliza.

"Tulia, Mama. Taa nzuri hujulikana usoni."

Akawasha ya kwanza. Hiyo ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, haina mpangilio mwingine. Mama mkwe akafumba macho, akashika tumbo, akasema tukiendelea atatapika humohumo. Ikawekwa kando.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya manjano, na mwanga wake mwembamba ulitoka upande. Loo! Kila kunyanzi la mama mkwe likaonekana kama limelimwa kwa jembe. Hata vishimo vya ndui ambavyo sikuwahi kuviona vikajitokeza.

"Imefeli!" Bwana Picha akapiga kelele. "Inamzeesha Mama!"

"Izime upesi," mama mkwe akasema, kisha akaomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu, akanuna.

Ya tatu ilikuwa ya mviringo, nyeupe, mwanga umetandaa ukuta mzima. Mama mkwe akageuka mwanamwali. Bwana Picha alifurahi mpaka akachukua kamera akampiga picha mbili tatu.

"Unaona? Hakuna kivuli! Hii ndiyo taa!"

"Mume wangu," nikasema, "mimi siendi kuipiga barabara picha ya kitambulisho."

"Mwanga ni mwanga. Niachie kazi yangu."

Nikameza mate. Taa imepatikana, kesho niko kwenye tanuri, ya nini kubishana? Lakini yeye akasema bado, lazima aijaribu mwenyewe barabarani. Giza lilipoingia akaifunga juu kabisa, kwenye fimbo aliyoisimamisha kwenye usukani, usawa wa macho yake, vilevile anavyofunga taa zake za studio. Mama mkwe akatoa kiti akakaa getini. Barabarani, mbele ya nyumba ya fundi cherehani jirani yetu, kulikuwa na shimo lililochimbwa kwa ajili ya bomba la maji ambalo mtaa mzima unalijua, na Bwana Picha analijua kuliko wote, maana ndiye aliyelilalamikia.

Akaondoka kwa mbwembwe.

"Barabara safi!" tukamsikia. "Laini! Haina hata mkunjo mm—"

Puu!

Tulikimbia. Baiskeli ilikuwa juu ukingoni, mwenyewe yumo shimoni, matope mpaka kifuani, ile taa nyeupe bado inamulika barabara iliyonyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Sikuliona," akasema. "Walahi tena, palikuwa laini."

Mama mkwe akashika kiuno. "Umezoea kufuta watu makunyanzi, sasa umefuta shimo. Toka humo!"

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikazinduka: ile ndogo ya manjano, iliyomchimbua mama mkwe vile, itashindwaje na barabara? Nikaikimbilia. Mkanda wake ulikuwa mfupi, haukuzunguka usukani, nikaufunga chini, kwenye uma wa gurudumu la mbele. Nikazima ile nyeupe, nikaiwasha hii. Kila kokoto likalaza kivuli kirefu kama nyoka, na shimo la bomba likawa doa jeusi huwezi kulikosa. Nikalizunguka nikienda, nikalizunguka nikirudi.

"Haya, Bwana Picha. Semaje?"

Akajifuta matope. "Mvua ikinyesha?"

Mama mkwe akaenda ndani, akarudi na jagi, akaimwagia taa maji. Ikaendelea kuwaka.

"Ikitikiswa?"

Nikainua baiskeli nikaibwaga chini. Ikaendelea kuwaka.

"Na chaji ikiisha njiani?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Wewe hata ningekuletea jua lenyewe ungelifelisha! Sema ukweli mbele ya mama yako. Hutaki niende?"

Akaufuta usukani matope kwa kiganja.

"Siku ile ulirudi na damu usoni," akasema taratibu, "ukawa unacheka. Mimi nilienda studio nikafunga mlango. Siku nzima sikupiga picha ya mtu. Naogopa. Ndiyo hivyo. Naogopa."

Hasira yote ikaniishia. Nikamshika mkono hivyohivyo na matope yake.

"Hata mimi naogopa," nikasema. "Lakini nikikaa nyumbani kuogopa, na tanuri langu akapewa mtu mwingine, sitakusamehe. Nakupenda, na sitakusamehe."

Akaikokota baiskeli mpaka nyumbani.

Alfajiri aliamka kabla yangu. Akafungua studio, akapangusa kiti cha baiskeli kwa kitambaa cha lenzi, akaitoa mwenyewe mpaka barabarani. Nikawasha taa. Vivuli vikajipanga mbele yangu, kokoto kwa kokoto. Nikakaa, nikakanyaga pedeli. Baiskeli haikwenda. Nikakanyaga kwa nguvu. Wapi.

Nikageuka. Bwana Picha kaishika keria kwa mikono miwili.

"Nini tena?"

"Naangalia kama imekaza."

"Imekaza?"

"Imekaza."

"Basi achia."

"Naachia," akasema, na mikono palepale.

Tanuri halingoji, lakini nilimngoja. Sikugeuka tena, nilijua akiniona usoni hataweza. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha baiskeli ikawa nyepesi, nikaenda.