Namba Kumi na Saba

Jana usiku nilikula makande mengi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Nikalala, nikaota niko ofisini kwangu shuleni, nimevaa gauni la kulalia, na rejista ya ushauri nasaha inanikodolea macho.

Mimi ni mwalimu wa malezi. Kamati ya nidhamu ilipangiwa kukaa leo saa nne kumjadili Atuganile, binti wa kidato cha tatu, kwa kuchelewa paredi siku kumi na tisa mfululizo. Kila mtu alijua atasimamishwa masomo. Kwenye rejista, mbele ya jina lake, mimi mwenyewe niliandika "Ameshauriwa." Uongo mtupu. Nilimwita, akasimama kimya dakika mbili, nikawa nina kipindi, nikaandika.

"Mwalimu Tumwimbe," rejista inasema, "umeshauri wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Umemsikiliza nani?"

"Nilikuwa na kipindi," nasema.

"Kwa wote mia moja na kumi na wawili?"

Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa ilikuwa ndoto, ikapasuka. Nikaangukia stoo ya shule.

Karani wa stoo alikuwa jembe, lile wanalopewa wachelewaji wakalime kwa adhabu. Lilikuwa limevaa miwani.

"Naomba sauti ya Atuganile," nikasema, kama ninayeomba chaki.

"Sauti za wanafunzi huletwa huku shule ikifunguliwa, pamoja na simu," likajibu jembe. "Hajawahi kuja mwalimu kuchukua hata moja. Saini hapa. Na umwambie Mwalimu Ngailo mgongo unaniuma. Kila mchelewaji napewa mimi!"

Ngailo ndiye mwalimu wetu wa nidhamu. Nikaahidi kumfikishia. Jembe likanikabidhi chupa ya chai, nzito ajabu. Nikafungua kifuniko, na papo hapo stoo ikawa uwanja wa paredi.

Shule nzima iko mistarini. Atuganile naye yupo. Mwalimu wa zamu ni kengele yetu, yaani lile rimu la lori tunalogonga kwa chuma. Limevaa tai.

"Hesabu namba!" linaamuru.

Kwetu, tangu muhula huu uanze, kila asubuhi darasa hujihesabu. Kila mmoja hupaza namba yake, upesi upesi, na akikwama mmoja mstari wote unaanza upya. Moja, mbili, tatu, zinakuja mbio hadi kumi na sita. Halafu zinamfikia Atuganile. Mdomo uko wazi, shingo imekaza, na hakuna kinachotoka.

Mtu akacheka kule nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mtoto ana kigugumizi! Alikuwa hachelewi. Alikuwa anajificha nyuma ya jiko mpaka hesabu iishe. Mwaka mzima namfundisha, nikadhani ni mpole tu. Eti mwalimu wa malezi!

"Mrukeni huyo!" Ngailo anafoka. "Kumi na nane!"

"Mwalimu Ngailo, kaa chini," nikamwambia. "Hajamaliza."

Rimu likafungua kitabu cha kanuni, likasoma bila haraka. "Kanuni ya kwanza: mwanafunzi asikilizwe mpaka amalize. Haijawahi kutumika, lakini ipo." Kisha likatangaza kwamba hakuna kipindi, chai wala likizo mpaka Atuganile amalize.

Basi tukasubiri. Jumanne ikapita. Jumatano wapishi wakatugawia uji palepale mistarini. Maharage ya shamba la shule yakatoa maua, yakakauka, yakavunwa. Mkaguzi akaja kukagua, akaambiwa ajipange, akajipanga. Mvua ikanyesha, na aliyemshikia Atuganile mwamvuli alikuwa Ngailo. Hakuna aliyecheka tena.

Alhamisi mchana Atuganile akavuta pumzi.

"Kumi na saba," akasema.

Jamani! Shule ililipuka. Rimu likajigonga lenyewe mpaka tai ikakatika. Jembe linacheza, mgongo limeusahau. Kidato cha nne wamenibeba juu juu, nalia kwa furaha, na sijali nani ananiona. Lakini Atuganile alikuwa bado ana neno. Akainua mkono, tukanyamaza wote.

"Kuanzia kesho," akasema taratibu, "anayetaka kuhesabiwa kwa kuinua mkono, ainue mkono."

"Imepita," likasema rimu.

Nikaamshwa na hodi. Kumeshakucha, na mpwa wangu ameshabandika maziwa akaenda kuchota maji. Sisi walimu tunakaa humo humo ndani ya uzio wa shule, kwa hiyo nikajitupia kitenge, nikafungua.

Ni Atuganile, na sweta lake la shule, pumzi inamtoka moshi kwa baridi. Akaanza kuniamkia, neno likakwama. Ulimi uliniwasha nimmalizie. Nikajizuia, nikaegemea mlango. Nyuma yangu maziwa yakafurika, yakamwagikia mafigani. Nikayaacha yamwagike.

"Shikamoo, mwalimu," akamaliza.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja twende wote kwenye kamati. Nitasema mwenyewe." Akatazama viatu vyake, kisha akanitazama usoni. "Na asante kwa kunisubiri, mwalimu. Siku tatu kusimama ni nyingi."