Anwani ya Muda

...na kisanduku kitawaka kijani kama nilivyokifundisha, watapiga makofi, wampigie yeye, Mtaalamu, jina nililompachika siku alipokuja na cheti chake, mpwa wa mkurugenzi, akakabidhiwa kazi yangu ya miezi minane, "dada, wewe pumzika, umechoka," mkurugenzi aliniambia, na sikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira, sasa anasema nini huyu, "tumeingiza bluetooth yote kwenye Linux yetu, mfumo unaoendesha kisanduku," tumeingiza, wewe na nani, ulikuwa wapi chipu ilipokuwa bubu wiki tatu, nikichomelea nyaya nyembamba kama nywele, draiva, programu ya kuiamsha chipu, inapanda inakufa, inapanda inakufa, nikala chakula changu cha mchana nimesimama... ona alivyokishika, kwa vidole viwili, ataniangushia... ataangusha, si changu tena, matroni wa hospitali amevua miwani anakitazama, kisanduku cha kukaa kando ya kitanda, kihesabu pumzi za mgonjwa na kuzirusha kwenye tableti ya muuguzi, "na vyote arobaini viko hivihivi?" anauliza, "vyote, mama, mapacha watupu," na mimi nang'ata shavu nisicheke, maana kasema kweli asiyoijua, vyote vina anwani moja. Kila kisanduku chenye bluetooth lazima kiwe na anwani yake, kama nyumba na namba yake, ndivyo tableti inavyojua hiki cha nani na kile cha nani, lakini chipu yetu iliamka bila anwani na programu zikagoma, basi mchana mmoja nikaandika moja kwa mkono wangu kwenye faili la kuwashia, ili kazi isonge tu, juu yake nikaandika "ya muda, nitaondoa kesho," na kesho ikaja na barua ya kunihamisha dawati, nikafunga kompyuta, sikumwambia mtu. Hajaona. Hawezi kuona, anajaribu kimoja kimoja, ana waya mmoja wa umeme na hataki kusumbuka kutafuta wa pili, anazima hiki anawasha kile, kijani, kijani, siku moja akaniambia "dada, kazi yako ilikuwa nyepesi kumbe," sawa, nyepesi, nilijibu sawa, na tangu siku hiyo nasubiri viwashwe viwili pamoja mbele za watu aumbuke, nimeingoja siku hiyo kwa hamu, Mungu anisamehe, nimelala vizuri kwa ajili yake... "kitanda cha saba na cha nane vimeachana hatua moja," matroni anasema, "havitachanganya?" "Haiwezekani, mama." Haiwezekani, eti. Wa saba atakuwa anakabwa na tableti inaonyesha pumzi za wa nane, nzuri, tulivu... Baba alikuwa wodi ya vitanda kumi na viwili na muuguzi mmoja, nikamhesabia pumzi kwa saa ya ukutani, nikatoka kuchota maji, chupa moja tu, niliporudi hapakuwa na cha kuhesabu, na muuguzi alikuwa kitanda cha mwisho, hakukosea, alikuwa mmoja, ndiyo maana niliomba kazi hii, kwenye barua sikuandika hivyo, niliandika napenda changamoto. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, nimeutega mimi, na panya ninayemtaka hatalala kitanda cha saba, atalala kwake. Basi sema. Nikisema atauliza nani kaiandika, watafungua faili, jina langu lipo, tarehe ipo, "nitaondoa kesho" ipo, na mkurugenzi atasema mnaona, ndiyo maana tulimhamisha... kumbe hicho ndicho kilichonifunga mdomo, najipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba ni kiburi, naogopa tu, naogopa kama mtoto aliyevunja sahani, na yeye Mtaalamu hakufanya lolote zaidi ya kuwa mvivu. "Swali lingine?" mkurugenzi anatazama saa yake, hakuna aliyenigeukia, taa ni kijani, Mtaalamu anazungusha ule waya mmoja mkononi, matroni ameanza kuvaa miwani, na mimi naitafuta sentensi, washeni na cha pili, hapana, hiyo ya baadaye, ya kwanza ni fupi, ni mimi niliyeiandika.