Kantri ya Binti Mwepu

"…wewe, Yaya! Kati ya watu wote wale wamebakiza watano, na wewe uko ndani!"

Cathy alianza kuitoa hiyo habari tangu chini kwenye ngazi, kwa hiyo alipofika saluni ya Mama Marcelline nusu yake ilikuwa imeshabaki kwa majirani. Félicité alikuwa amesimama nyuma ya mteja, kichana mdomoni, rasta zimemzunguka vidole. Hakuweza hata kumkumbatia mdogo wake, ambaye humwita Yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwao.

"Ndani ya nini?" aliuliza Mama Marcelline, ambaye alijua vizuri sana ndani ya nini, maana wiki nzima pale saluni hapakuwa na hadithi nyingine.

"Shindano la kantri, Mama. Kule Greyville, kwa Mister Moodley. Dimanche hii, baada ya misa, mchana. Watu wa redio wanakuja na mashine zao, wanarekodi, na atakayeshinda anaimba kwa Moodley kila wikendi, mwaka mzima, na wanamtolea kaseti. Kaseti, Yaya, yenye picha yako na kofia."

Félicité alitoa kichana mdomoni. "Kaa chini kwanza. Utanifanya nimkosee mtu kichwa."

"Siwezi kukaa, niko na class."

Na class hakwenda. Alikaa pale mpaka saluni inafungwa, akimsimulia kila mteja aliyeingia, na yule aliyekuwa anasukwa akauliza kwa upole kama kichwa chake kitaisha leo au atolewe na yeye kwenye redio akiwa nusu.

Sasa lazima ujue Mkongo wa Albert Park, hapa Durban, akisikia jina la Félicité, Mwepu, anasikia nini. Mwepu Jazz, ya Lubumbashi. Papa Mwepu kwenye sauti, wadogo zake kwenye magitaa na ngoma, wake zao kwenye kiitikio. Ukioa Lubumbashi miaka ile bila santuri ya Mwepu Jazz kupigwa, mama mkwe alikuwa na haki ya kuuliza kama ndoa imefungwa kweli. Watu waliokimbia vita bila viatu walifika Durban na nyimbo hizo kichwani, zote, na ubeti wa mwisho ambao hata redio ilikuwa inaukata.

Na binti mkubwa wa Papa Mwepu, huyu Félicité, mwenye sauti kuliko kaka zake wote ukiwaunganisha, akachagua kuimba kantri.

Kantri ilimpata kwenye mpaka. Madereva wa malori ya shaba walikuwa wakirudi kutoka Zambia na kaseti, na kule Zambia redio haikuchoka kupiga huo muziki wa wazungu wa mashambani, wa kofia pana, wenye gitaa linalolia kama mtu aliyefungiwa nje. Msichana alisimama karibu na lori akasikiliza wimbo mzima na ndoo ya maji kichwani, na basi, alikwisha. Baba yake alimwacha. Alisema mtoto ni wimbo, huwezi kujua utakwendaje mpaka uishe. Lakini baba akafa, na siku ya matanga Tonton Désiré, mdogo wake marehemu, mpiga solo wa Mwepu Jazz, akasimama mbele ya waombolezaji akamwangalia Félicité usoni.

"Sauti ya kaka yangu," alisema, "imeuzwa kwa wachunga ng'ombe."

Watu walicheka, matanga yale yale. Félicité naye alicheka, afanye nini?

Akaondoka. Aliimba Ndola kwenye baa za madereva, akaimba Lusaka, akaimba Harare ambako aliwahi kurekodi kaseti moja akaiuza mwenyewe kutoka kwenye mfuko, mlango kwa mlango. Gitaa likaibwa njiani. Durban alifika na kofia tu. Wakongo walimpokea kama malkia kwa sababu ya jina, wakampa harusi aimbe, akaimba kantri, na harusi nzima ikakaa kwenye viti ikimwangalia kwa adabu. Haichezeki ile. Hawakumwita tena. Tonton Désiré naye alikuja Durban baadaye, vita vilipomfukuza, akawa analinda magari mbele ya maduka ya Isipingo. Walikuwa wakikutana kanisani. Anamsalimia, anamuuliza afya. Kumsikiliza akiimba, hapana. Jambo hilo lilimuuma Félicité kuliko gitaa lililoibwa, na hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa Cathy, na kumwambia Cathy ni kuwaambia watu wengi kidogo.

Kwa Mister Moodley palikuwa mahali pengine kabisa. Ukumbi uko karibu na uwanja wa mbio za farasi, na watu wa farasi, wale wanaowafundisha, wanaowapanda na wanaowapigilia vyuma kwatoni, walikuwa wanapenda kantri kama wagonjwa wanavyopenda dawa. Pale hakuna aliyemuuliza Félicité mbona haichezeki. Akishinda pale, ataacha kusuka rasta. Ataitwa mwimbaji na watu ambao hawajawahi hata kumsikia baba yake.

Mister Moodley alimweleza sheria akiwa amemshika kiwiko kama mzazi. Kila mshindani alete watu wake, ukumbi ujae. Taa nyekundu ikiwaka, redio inarekodi, kila mtu kimya. Wimbo unaimbwa mara moja tu. Na hakuna anayekanyaga zulia la mwimbaji.

"Mtu wako akikanyaga, umetoka. Tumeelewana, my girl?"

"Tumeelewana, Mister Moodley."

Jumamosi aliwakusanya watu wake saluni, wakajaa mpaka kwenye ngazi.

"Hakuna kupiga mluzi," alisema. "Hakuna vigelegele. Hakuna kuitikia wimbo. Hakuna kuja mbele kucheza."

"Na kukohoa?" aliuliza Mama Marcelline.

"Kohoeni leo."

"Eish. Tunaenda kwenye muziki ao kwenye operesheni?"

"Watakaa kimya kama kanisani, Yaya," Cathy alisema. "Mimi nitawasimamia mwenyewe."

Kila mtu aliapa. Na walikuwa wanasema kweli, hilo ndilo baya lake.

Dimanche ilifika. Félicité alikuwa nyuma ya pazia akiazima gitaa la mshindani mwenzake, Cathy akaja mbio, macho yamemtoka.

"Yaya, usianguke. Tonton Désiré iko hapa. Nilienda Isipingo nikamwambia, hakunijibu kitu, aliendelea kuonyesha gari lirudi nyuma. Sasa iko amekaa mstari wa mbele. Na amevaa ile suti ya orchestre, ya Mwepu Jazz."

"Ya buluu?"

"Ya buluu. Imembana, lakini ni ile."

Félicité alikaa juu ya kreti ya soda akaanza kukaza nyuzi za gitaa upya.

Alipoitwa alitoka bila kuangalia mstari wa mbele. Taa nyekundu ikawaka. Aliimba wimbo wake mwenyewe, alioutunga njiani kati ya Ndola na Lusaka, wa Kiswahili, kiitikio tu Kiingereza kwa ajili ya majaji:

*Mvua ya Likasi, usinioshe jina,*
*nimekuja nalo tu, nguo zilibaki.*

Ah, aliimba. Watu wa farasi waliweka glasi chini. Jaji mmoja, mama wa Kizungu mwenye miwani ya mnyororo, alivua miwani akabaki ameishika. Na upande wa Wakongo, kimya. Hakuna mluzi, hakuna kikohozi. Félicité alifika ubeti wa pili akajua. Mwimbaji anajua, kama mpishi anavyojua chumvi kabla ya kuonja. Ilikuwa yake.

Ndipo akamwona Tonton Désiré anainuka.

Kwetu, mwimbaji akikugusa moyo hupigi makofi tu ukabaki umekaa. Unatoka na noti, unamwendea, unaibandika kwenye paji lake la uso, na jasho linaishika. Papa Mwepu alikuwa akimaliza usiku uso hauonekani. Mwimbaji anayeshuka na paji kavu hakuimba, alisema tu maneno. Na Félicité, wakati anawapa watu wake sheria, hili halikumjia hata kidogo. Litamjiaje? Miaka yote hiyo ya kantri hakuna aliyewahi kumwendea na noti. Aliwakataza kucheza, kuitikia, kupiga vigelegele. Hakuwakataza kitu ambacho hakuwahi kufanyiwa.

Tonton alikuja polepole, bila kucheza, ametii. Noti ya ten rand imekunjuliwa vizuri kati ya vidole viwili. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Félicité alitaka kurudi nyuma. Alitaka kuinua mkono. Lakini mzee anayekuja na baraka humsukumi. Ukiirudisha inakwenda kutafuta mahali pengine pa kukaa, na huko inakaa vibaya. Na kuna jingine: huyu ndiye Félicité alikuwa akimngoja. Kutoka Ndola mpaka Durban, kila alipofunga macho akiimba, alikuwa anamwona mtu huyu huyu, na suti hii hii, anainuka. Sasa ameinuka. Alichoweza ni kumtazama tu, anaimba na macho yanamwomba, Tonton, ngoja, wimbo uishe kwanza, na Tonton akayasoma macho hayo kuwa ni shukrani.

Kiatu chake kilikanyaga zulia.

Alimvua kofia kwa adabu sana. Ukingo wake ukakwaruza maikrofoni, na sauti ikatoka kwenye spika kama bati linaburutwa. Akabandika noti. Ikashika. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwenye maikrofoni kabisa:

"Kaka yangu hakufa."

Nyuma yake walikuwa wameshapanga mstari. Mama Marcelline, mkoba wazi. Mteja wa rasta. Vijana wa duka la simu. Cathy, aliyeahidi kuwasimamia, na noti yake mwenyewe mkononi, analia kwa furaha. Wamenyamaza wote, hakuna anayecheza, wanatembea kama wanaopeleka sadaka mbele, maana kweli, kwani kanisani hatuinuki? Yule wa redio alikuwa anapunga mikono miwili juu ya kichwa. Wao wakadhani naye wimbo umemgusa, wakampungia.

Félicité aliimba mpaka mwisho. Noti ilikuwa imemfunika jicho moja.

Taa ilipozimika upande wa Wakongo ulipasuka kwa vigelegele. Walinzi wakawaomba watoke nje, mshindani anayefuata aweze kurekodi, nao wakatoka bila kinyongo, wakiimba Mwepu Jazz mpaka barabarani. Tonton Désiré ndiye aliyekuwa anaongoza.

Mister Moodley alimkuta nyuma ya pazia. Moodley ndiye alikuwa ameshika ile kofia.

"Uliimba kuliko wote," alisema. "Ndiyo maana nina hasira."

"Ni desturi, Mister Moodley. Si rushwa. Kwetu mtu akipenda wimbo…"

"Mimi najua. Harusini kwetu pia tunatupa pesa. Lakini watu wa wale wengine wanasema mmegawa hela mbele ya majaji, na sheria ni ile niliyokwambia. Na kwenye tepu kuna mzee anaongea juu ya maiti."

"Juu ya baba yangu."

"My girl."

"Niache niimbe tena. Ukumbi ukiwa mtupu. Mara moja."

Mister Moodley alimwonyesha jukwaa kwa kidevu. Mshindani wa mwisho alikuwa ameshamaliza, na yule wa redio alikuwa anakunja nyaya kwenye kiwiko, haraka haraka, kama mtu mwenye gari linalomngoja. Félicité alimwendea hata hivyo. Alimsemesha, akamshika mkono. Yule kijana hakuwa mbaya. Alisema sorry mara nyingi, na kila sorry alikuwa anafunga sanduku jingine. Kisha wakamtangaza mshindi, bwana mmoja wa Wentworth aliyeimba vizuri, vizuri tu, na Félicité alipiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine.

Nje walimbeba. Hakuna aliyemuuliza kama ameshinda. Mtu anauliza kama jua limetoka? Waliingia taxi mbili, wakaimba kwenye kila robot, kila taa nyekundu ya barabarani, mpaka Albert Park, na kwa Mama Marcelline kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa thomson waliokaangwa tangu asubuhi, maana walijua. Cathy alikuwa amesimama juu ya kiti anawaigizia waliokosa kwenda, mara yeye ni Félicité, mara yeye ni yule mama wa miwani. Félicité alijaribu kuwaambia. Alifungua mdomo karibu na sufuria, mtu akamtilia samaki. Alifungua tena karibu na dirisha, mtoto wa jirani akaletwa abarikiwe na sauti yake.

Tonton Désiré akagonga kijiko kwenye chupa. Suti ilikuwa imempasuka begani, hajui.

"Kwenye matanga ya kaka yangu nilisema neno," alisema. "Mulicheka, batu yote. Leo ninalimeza lile neno. Huyu mtoto hakuuza sauti. Aliipeleka tu mbali, na leo nimeisikia imerudi." Akamgeukia. "Maman, unisamehe."

Alimpigia goti. Mzee yule, mbele ya watu, alimpigia goti binti wa kaka yake, na Félicité naye akapiga goti haraka ili asimzidi urefu, wakabaki wote wawili chini sakafuni wameshikana mikono, na chumba kizima kikalia na kucheka pamoja.

"Sasa niambie," Tonton alisema, karibu na sikio lake, kama mtoto. "Contrat unasaini siku gani? Nataka nisimame nyuma yako. Na suti nitaipeleka kwa fundi, aipanue."

Félicité alimtazama. Uso wa mzee ulikuwa umefunguka wote. Neno lilikuwepo, fupi, lilifika mpaka kwenye meno.

"Kula kwanza, Tonton," alisema. "Kuna mambo kidogo yamebaki. Kesho asubuhi nitakuja Isipingo, nitakaa na wewe pale kwenye magari, na nitakueleza yote."