Jina Nyuma ya Kadi

Mikono ya Nyundo haikuumbwa kwa kazi ndogo. Ngumi yake ilijaza bakuli, na viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kwa kuvunjika na kuunga vyenyewe ovyo ovyo. Sasa mwone huyo mtu mzima, kainama juu ya meza katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, kashika kibano, anabandika uzi mwekundu kwenye kadi isiyozidi ukubwa wa karata ya kuchezea. Ulimi umemtoka nje. Akipumua uzi unaruka, kwa hiyo kaacha kupumua kabisa.

"Pumua, baba," Shangazi alimwambia. "Ukinifia hapa nani atakubeba?"

Shangazi hakuwa shangazi yake. Alikuwa mwenye duka, mjane aliyejalidi vitabu mpaka watu wakaacha kujalidi vitabu, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Nyundo alipotokea mlangoni na mfuko mmoja wa nguo, alimpa kazi ya kubeba maboksi. Baadaye akampa chumba cha kulala uani. Kisha, sijui ni wazimu gani ulimpanda bibi yule, akampa brashi.

Kazi yenyewe ya kutengeneza kadi hizi inataka roho ya subira. Unakata karatasi ngumu, unabandika juu yake chochote chenye sura: gazeti lililochanwa, karatasi ya sabuni, kipande cha bandeji, tiketi iliyotumika. Unapaka rangi nyeupe iliyozimuliwa, unaacha ikauke, halafu unasugua kwa msasa mpaka kile ulichokizika chini kitokeze tena kidogo. Unashona pembeni, unagonga muhuri uliouchonga mwenyewe kwenye raba. Ikiisha, haiuzwi. Atakayeiuza kajiaibisha mbele ya wenzake. Unampa mwenzio yako naye anakupa yake, mkono kwa mkono au kwa posta, na Shangazi alikuwa na watu wa miji ya mbali aliobadilishana nao kadi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na nyuma ya kila kadi, mwenye kuitengeneza huandika jina lake na mahali anapopatikana, ili aliyeipata ajue pa kurudisha yake.

Hapo ndipo Nyundo alipogoma. Kadi zake zilirundikana bila jina.

"Hizi sizipeleki popote," Shangazi alisema. "Kwani umeziiba?"

"Sijaiba."

"Basi andika. Kitu kizuri hivi unakiacha kama kitoto kilichookotwa jalalani."

Angemwelezaje? Alikuwa na kaka, mkubwa wake, na kazi yao ilikuwa kuwatoa watu majumbani. Mwenye nyumba akichoka na mpangaji wake alimwita Kaka. Kaka aliongea, Nyundo alipiga. Alipiga vizuri, tusidanganyane, alikuwa na kipaji. Mpaka siku alipompiga fundi viatu mmoja mbele ya mkewe, na yule fundi akabaki anatazama dari bila kusema neno, na inasemekana mpaka leo hajasema. Nyundo alitoka pale akatembea moja kwa moja hadi stendi, bila kumuaga kaka yake. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu chini ya jua: apatikane mtu asiyemwogopa. Na alikuwa amempata. Bibi mfupi mwenye gundi kwenye miwani, anayemchapa rula kiganjani akikata karatasi upande.

Basi siku hiyo alimaliza kadi ya uzi mwekundu, nayo ikatoka vizuri mno. Palikuwa na mlango mdogo wa karatasi ya sukari, na ukiinamisha kadi kwenye mwanga unaona mtu amesimama nyuma yake. Shangazi aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Nyundo alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Akachukua kalamu, akaandika nyuma NYUNDO, kwa herufi kubwa, na chini yake anwani ya duka.

Jamani, jamani! Angeandika jina lolote! Angeandika Sufuria, nani angemuuliza? Lakini mtu akipenda kazi ya mikono yake hutaka ijulikane ni yake, na yeye hakuwa na jina jingine alilolizoea. Shangazi akaitia kwenye bahasha, akaibandika stempu.

Aliyeipokea alikuwa msusi katika mji ule ule Nyundo alioukimbia. Alizichomeka kadi zake kwenye fremu ya kioo cha saluni, wateja wapate cha kuchezea wakisubiri. Kaka alimpeleka mkewe kusukwa, akakaa, akachoka kukaa, akachomoa kadi moja na kuigeuza.

Walifika alasiri, wawili: Kaka mwenye shati lililopigwa pasi, na nyuma yake jitu moja la shingo fupi lililoajiriwa kushika nafasi ya Nyundo.

"Shikamoo, mama," Kaka alisema kwa adabu zake zote.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Nimemfuata mdogo wangu." Akaitoa ile kadi mfukoni, akaiweka mezani. "Kazi nzuri. Hata mimi nimeipenda. Haya, chukua nguo zako."

Nyundo alisimama. "Sirudi, Kaka."

"Mama alipokufa nani alikulea?"

"Wewe."

"Nilikula nikakunyima?"

"Hukuninyima."

"Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Huyu niliyenaye ni mzigo wa nyama tu, watu hawamwogopi. Wewe nikikutaja jina tu, wanafungasha wenyewe."

"Ndiyo maana sirudi."

Kaka alimzaba kibao. Nyundo akapeleka mikono nyuma ya mgongo, akaushika mkono mmoja kwa mwingine na kukaza. Shingo Fupi aliona amepata cha bure, akamtwanga ngumi ya mbavu, halafu nyingine pale pale. Kitu kilialika ndani. Ya tatu ilimpata puani, damu ikaruka ikatua juu ya kadi zilizokuwa zikikauka kwenye kamba. Nyundo akayumba, akasimama tena, mikono bado iko nyuma. Alipigwa teke la goti akaanguka, akapigwa la tumbo akiwa chini, akatapika chai. Kichwani alikuwa anarudia neno moja, sitapiga, sitapiga, na maumivu yalikuwa makali lakini aibu haikuwepo, na hilo lilimshangaza.

Shangazi hakuwa wa kukaa kimya. Alimtandika Shingo Fupi rula ya chuma sikioni, likachanika. "Mtoke dukani kwangu! Mbwa nyie!"

Hapo Kaka akamkamata.

Pembeni ya meza ilikuwepo mashine ya kukatia karatasi, ubao wenye kisu kirefu cha mkono, cha kushusha kwa nguvu kama mpini wa pampu. Kilikuwa kinapita rundo la karatasi ngumu kwa mkupuo mmoja. Kaka alimvuta bibi hadi pale, akamlaza kiganja juu ya ubao, na mkono wake mwingine ukashika mpini.

"Unachora kwa mkono huu, mama?" aliuliza taratibu. "Mdogo wangu, amka. Chukua nguo zako."

Kisu kikaanza kushuka. Shangazi akalia kwa sauti nyembamba.

Nyundo aliamka, lakini hakuelekea kwenye nguo. Shingo Fupi alimkinga njiani; akala kiwiko cha koo, akakaa chini akitafuta hewa. Nyundo akamshika mguu, akaukanyaga gotini, mguu ukapinda upande usiopindiwa. Jitu lile lilitambaa hadi mlangoni likipiga mayowe, likatokomea mtaani likirukaruka kwa mguu mmoja. Kaka aliacha mpini. Aliinua mikono, akataka kusema kitu, maana kusema ndiyo ilikuwa kazi yake. Nyundo alimkamata nywele za kisogoni, akampigiza uso kwenye ukingo wa meza. Meno yakamwagika kati ya mikasi. Akampigiza tena. Chupa ya gundi ikapinduka, ikachanganyika na damu, na kila uso ulipoinuliwa ulikuja na vipande vya karatasi vimeganda mashavuni.

"Basi," Shangazi alisema. Kiganja chake kilikuwa kizima, mchubuko mdogo tu.

Nyundo alimtupa kaka yake sakafuni, akampanda kifuani.

"Basi, baba. Imetosha."

Alimsikia. Hilo ndilo baya kuliko yote, alimsikia vizuri kabisa. Ila ngumi zilikuwa zinashuka zenyewe, moja kulia, moja kushoto, kwa mpangilio ule ule wa zamani, na mwili wake wote ulikuwa unaona raha. Jicho la Kaka likafumba. Taya ikalegea. "Basi! Utamuua! Nyundo, basi!" Naye akaendelea kupiga, na kooni mwake kulikuwa kunatoka sauti kama ya mtu anayeimba akifua nguo.

Aliacha mabega yalipochoka. Akageuka, akitweta, kumtazama Shangazi.

Bibi alikuwa amejibana kwenye kona, kati ya kabati na ukuta. Mkononi alikuwa na msharasi, ule mrefu wa kutobolea majalada, na ncha yake ilimwelekea yeye.

"Shangazi, ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Weka chini basi. Wameshashindwa."

Hakuuweka. Nyundo akapiga hatua moja, akanyoosha viganja amwonyeshe kwamba havina kitu, na viganja vilikuwa vyekundu hadi kwenye vifundo vya mikono. Shangazi akajibana zaidi, kabati likagonga ukuta.

"Nilikuwa nakuokoa," Nyundo alisema.

"Ndiyo, baba. Asante, baba. Umefanya vizuri sana."

Aliijua sauti ile. Ndivyo walivyomjibu wapangaji, miaka yote ile, wakiwa wamekumbatia magodoro yao. Ndiyo, baba. Asante, baba. Sasa hivi tunatoka. Machozi yakamtoka, akayafuta, akajipaka damu ya kaka yake usoni. Bibi akafumba macho asimwone.

Kutoka sakafuni kukasikika kukoroma, kisha kikohozi, kisha kitu cha ajabu: Kaka alikuwa anacheka. Mdomo ulikuwa shimo, jicho moja tu ndilo lililofunguka.

"Huyo ndiye mdogo wangu," alisema, maneno yakipita kwa shida kati ya meno yaliyobaki. "Twende nyumbani."

Akanyoosha mkono. Mle chumbani hapakuwa na mkono mwingine ulionyooshwa kwake. Nyundo aliinama, akaushika, akamwinua kaka yake, akampakia begani. Walipotoka nje alisikia kabati likisogezwa nyuma yao kuuzuia mlango.